Miaka mitatu na fulana ya mabamba ya kauri: uzoefu wangu kati ya Nairobi na Goma

Bamba la kwanza la fulana ya kuzuia risasi nililowahi kuvaa lilikufa bila mtu yeyote kulipiga risasi. Mimi ni mpiga picha za video. Nilikuwa nimelikodi Nairobi kwa safari ya wiki mbili kwenda Goma, na niliporudi, mwenzangu akanisihi tulipitishe kwenye eksirei kabla sijalirudisha. Kuna kliniki ya mifugo ambayo mtaalamu wake, mama wa makamo, alikubali kutusaidia. Alililaza pale anapolaza mbwa, akapiga picha, akaniita niangalie. Ufa ulianzia kona ya chini kushoto, mwembamba kama unywele, ukapanda hadi karibu na katikati, kisha ukagawanyika mara mbili. Kwa nje kitambaa kilikuwa safi kabisa.

"Mwanangu," akaniambia, "hiki ndicho ulichokuwa unakitegemea?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sijui kama nililipasua mimi au niliukuta ufa, kwa sababu waliokodisha hawakuweka kumbukumbu yoyote ya nani alilivaa bamba lile na kama liliwahi kuanguka. Wiki ile ile nikaanza kuweka akiba ya kununua yangu.

Sijawahi kupigwa risasi, namshukuru Mungu. Kwa hiyo sitawaambia jinsi mabamba haya yanavyozuia risasi kana kwamba nimeyajaribu. Ninachokijua ni kuyabeba, kuyaangusha, kuyapandisha pikipiki na kuyavua kwa haraka.

Kauri hii si ile ya vikombe. Yangu ni alumina, yaani oksidi ya alumini, ngumu kiasi kwamba risasi ikiigonga ncha yake inapondeka, na kauri yenyewe inasagika pale ilipogongwa. Nyuma yake kuna tabaka nene la poliethilini, aina ya plastiki, iliyoshindiliwa, na hilo ndilo linalodaka vipande. Yaani kauri imeundwa ivunjike. Kazi ya mbunifu ni kuhakikisha inavunjika siku hiyo tu na mahali hapo tu, isivunjike wakati unashusha mizigo kwenye gari.

Bamba lile la kukodi lilikuwa kipande kimoja. Ufa ukianza ukingoni hauna cha kuuzuia. Niliyonunua yameundwa kwa vigae vidogo vya pembe sita vilivyopangwa kama sakafu ya bafu, na ufa wa kigae kimoja unakomea kwenye gundi. Ukingo wote umezungushiwa povu gumu, na kwangu mimi povu lile lina thamani kuliko maneno yote ya kwenye tangazo, maana bamba huangukia kona karibu kila mara. Hasara yake ni mbili. Pale vigae vinapokutana ni dhaifu kuliko katikati ya kigae, hilo halikwepeki. Halafu uzito: nilipima moja kwenye mizani ya muuza nyama mtaani kwetu, kilo 3.3, na unavaa mawili. Ukiwa na pesa, kauri ya kabidi ya siliconi ni nyepesi kuliko alumina, na kabidi ya boroni ni nyepesi zaidi. Mimi sikuwa nazo.

Kabla ya kununua kitu chochote cha vipande vipande, uliza kuhusu gundi na joto. Mwaka 2006 Jeshi la Marekani lilipima fulana ya Dragon Skin, iliyotengenezwa kwa visahani vya kauri vilivyopandana kama magamba ya samaki. Kwenye joto kali gundi iliachia, visahani vikateleza kutoka mahali pake, na risasi zikapita. Tangu nisome habari hiyo siachi mabamba yangu ndani ya buti ya gari lililoegeshwa juani. Poliethilini nayo haipendi joto.

Sasa malalamiko yangu makubwa, na hili nalisema ili lisimpate mwingine. Muuzaji aliniuzia mabamba na mfuko wake wa kuvalia bila kuniambia kwamba yamepimwa yakiwa yamevaliwa juu ya fulana laini ya aramidi, kitambaa cha nyuzi ngumu sana. Lebo ilisema hivyo, kwa maandishi madogo upande wa mwilini. Kuna mabamba yanayojitosheleza na kuna yanayohitaji ile laini nyuma yake, na ukichanganya umevaa nusu ya kinga. Hata risasi ikizuiwa, bamba linabonyea kuelekea kifuani: vipimo vya Taasisi ya Taifa ya Haki ya Marekani, NIJ, vinaruhusu shimo la hadi milimita 44 kwenye udongo uliowekwa nyuma yake badala ya mwili. Soma lebo kabla hujalipa. Viwango vipya vya NIJ vilitoka mwaka 2023, na madaraja ya kinga ya III na IV tuliyoyazoea sasa yanaandikwa RF1 hadi RF3.

Upande wa mfuko sina kinyongo. Kila kitu kinatoka: mabamba, zile laini, vipande vya ubavuni, kola. Barabara ya Goma kwenda Sake nikiwa nyuma ya pikipiki navua vya ubavuni, la sivyo siwezi kukunja mwili kushika kamera. Mwanzoni bamba la mbele lilikuwa linanigonga mapajani kila shimo, nikagundua nimelivaa chini mno. Ukingo wa juu unatakiwa ufike kwenye kile kishimo kilicho chini ya koo. Tumbo la chini linabaki wazi, ndiyo, lakini moyo na mapafu ndivyo vinavyokuua kwa dakika.

Kilichoniteka moyo ni kamba nyekundu ya kifuani. Ukiivuta mara moja, fulana nzima inaachia na kuanguka vipande viwili. Nilikuwa kwenye mtumbwi wa injini Ziwa Kivu, tunakwenda Minova, upepo ukabadilika na maji yakaanza kuingia. Kilo kumi za kauri na vitambaa zingenipeleka chini moja kwa moja. Nilivuta, ikaachia, nikavaa jaketi la kuokolea. Kuirudisha baadaye kulinichukua karibu nusu saa, na vumbi la mawe ya volkano lilikuwa limeshaziba velkro, nikaichokonoa kwa mswaki.

Mwenzangu wa kike aliijaribu fulana hii akairudisha. Bamba lililopinda upande mmoja tu linamkaa kifuani kama ubao. Atafute lililopinda pande zote mbili.

Kila nikirudi safari napita kwa yule mama wa eksirei. Mwezi uliopita alinionyesha kwa ncha ya kalamu kigae kimoja cha ukingoni, bamba la mgongoni, kimepasuka. Ufa umefika kwenye gundi ukasimama, vigae vya jirani vyote vizima. Nimeshaagiza bamba jingine la mgongoni. La mbele naendelea nalo.