Tahadhari kwa wazazi na vijana: "kozi ya wiki sita" ya urubani wa ndege za kunyunyizia dawa

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Naandika haya baada ya mpwa wangu, kijana wa miaka 21 aliyemaliza skuli kwa matokeo mazuri, kupoteza shilingi 2,550,000 ambazo sehemu kubwa ilikuwa fedha ya karafuu za mama yake. Jina la aliyezichukua silitaji hapa, kwa kuwa suala limeshafikishwa Polisi, lakini namna alivyofanya kazi yake nitaieleza yote, maana tumesikia kwamba bado anawapigia simu vijana wengine wa Wete na Chake Chake.

Alimwambia kwamba Marekani na Brazil zina uhaba wa marubani wa ndege zinazonyunyizia dawa mashambani, na kwamba baada ya wiki sita za masomo katika chumba cha kukodi hapa Mjini angepata leseni, viza na ajira. Alidai kwanza 450,000 za usajili, kisha 300,000 za daktari, na mwisho 1,800,000 za viza, na zote zilitumwa kwa simu kwenye namba ya mtu binafsi. Masomo yenyewe yalikuwa ni mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta. Cheti alichopewa kina muhuri mzuri sana, na ndicho kilichomtia moyo dada yangu kutoa fedha ya mwisho.

Wengi wetu hatujawahi kuiona kazi hii, na hapo ndipo tapeli anapopata njia. Karafuu zetu huchumwa kwa mkono na mashamba yetu ni madogo. Ndege za namna hiyo zinajulikana zaidi Bara, ambako Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962, hunyunyizia dawa dhidi ya nzige na ndege waharibifu aina ya kwelea kwelea. Kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze njia ya kweli ilivyo.

Rubani wa mashamba huwa kwanza rubani kamili. Anahitaji leseni ya urubani wa biashara, ambayo kwa kanuni za kimataifa haitolewi kabla ya miaka 18 wala bila ya saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika skuli iliyoidhinishwa, na Marekani kwa kawaida hudai 250. Saa hizo hurushwa angani, katika ndege halisi. Anahitaji pia cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotokana na uchunguzi wa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, na mpwa wangu hakupimwa hata macho. Baada ya leseni hujifunza ndege zenye gurudumu la mkia, ambazo ni ngumu kuzitua. Wengi huanza chini, wakichanganya dawa na kujaza matangi kwa msimu mmoja au zaidi, kabla ya mwenye kampuni kuwakabidhi ndege. Sababu ni nzito: ndege kama Air Tractor AT-502 hubeba takriban lita 1,890 za dawa, huruka mita chache tu juu ya mazao, na ina kiti kimoja, hivyo hakuna mwalimu wa kukaa pembeni yako na kukuokoa ukikosea.

Kuhusu Marekani, mgeni anayekwenda kusomea urubani huko hupata kwanza hati ya kukubaliwa na skuli yenye idhini, kisha huomba viza ya mwanafunzi ubalozini yeye mwenyewe, na huchunguzwa na idara ya usalama wa usafiri kabla ya kuanza mafunzo ya kuruka. Na kwa viza ya kazi za muda za kilimo, sheria yao inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi ada ya kutafutiwa kazi. Mtu akikuomba ada hiyo, usimpe hata senti.

Kabla ya kulipa chochote, iulizeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), ambayo mamlaka yake yanafika Zanzibar pia, kama skuli hiyo ina idhini ya kufundisha marubani. Sisi hatukuuliza, na swali hilo moja lingetuokoa.

Kwa waliokwishalipa: msifute ujumbe wowote wa simu, hifadhini stakabadhi za miamala na cheti mlichopewa, kisha nendeni kituo cha Polisi kilicho karibu, mkipenda pamoja na sheha wenu. Namba iliyotumika kuwatapeli itumeni pia kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Shauri la mpwa wangu limefunguliwa Mjini, na mpelelezi ametuomba tumtafutie vijana wengine waliotuma fedha kwa njia hiyo hiyo.