Plagi ya Trela: Ipi Ununue kwa Taa na Breki

Wengi wakienda dukani huuliza plagi ina pini ngapi. Kabla ya hapo kuna swali jingine: trela yako inafunga breki kwa njia gani? Trela ndogo za mizigo mara nyingi hazina breki kabisa. Nyingine zina breki za msukumo: gari likipunguza mwendo, trela linalisukuma kwa nyuma, bomba la mbele linaingia ndani na kuvuta kebo ya chuma inayokaza breki. Hizo hazihitaji waya hata mmoja. Aina ya tatu ni breki za umeme, zenye sumaku ndani ya dramu, na sumaku hizo hazifanyi kazi mpaka zipate umeme kutoka kwenye kidhibiti kilicho karibu na dereva. Ukishajua trela lako liko kundi gani, nusu ya plagi zilizoko rafuni zimejiondoa zenyewe.

1. Plagi ya Marekani ya bapa 7

Naiweka ya kwanza kwa sababu ndiyo inayobeba kila kitu mahali pamoja: taa, breki za umeme, moto wa kudumu wa betri (umeme usiokatika), taa ya rivasi na ethi (waya wa kurudishia umeme). Nyeupe ni ethi, bluu ni breki, kahawia ni taa ndogo za nyuma, njano ni kushoto, kijani ni kulia, nyeusi ni moto wa betri, na pini ya katikati huwa ya rivasi.

Moto huo wa kudumu una kazi kubwa kuliko kuwasha taa ya ndani ya trela. Trela lenye breki za umeme hubeba betri ndogo na swichi ya dharura yenye kamba ya waya. Trela likichomoka garini, kamba inavuta pini ya swichi na betri inakaza breki papo hapo. Betri isiyochajiwa njiani itakufa kimyakimya, na utajua siku unayoihitaji. Kamba hiyo ifungwe kwenye gari lenyewe, si kwenye mpira wa kukokotea (lile tufe la chuma linaloshika trela).

Udhaifu wake ni maji. Bapa zake zimekaa wazi nyuma ya mfuniko wa springi, na springi ikilegea vumbi na unyevu vinaingia. Nunua yenye mfuniko mzito na raba ya kuzuia maji, kisha paka ndani grisi ya viunganishi vya umeme.

2. Pini 13 ya duara (kiwango cha kimataifa ISO 11446)

Kama trela lako lina breki za msukumo au halina breki, na gari lako lina indiketa zilizotenganishwa na taa za breki, hii ndiyo bora kwako, na kwa ubora wa umbo inaipita hata ile ya kwanza. Unaiingiza, unaizungusha, inajifunga. Ina rivasi, moto wa kudumu, moto wa kuchaji unaotoka injini ikiwa imewashwa, na ethi tatu: moja ya taa, na mbili za mikondo mikubwa. Usikubali fundi aziunganishe zote kwenye waya mmoja mwembamba eti "ethi ni ethi". Mpangilio wake rasmi hauna pini ya breki za umeme, ndiyo maana haikushika nafasi ya kwanza.

3. Pini 7 ya duara (ISO 1724)

Rahisi, imeenea, na hata mgeni wa kazi anaweza kuifunga mwenyewe. Inatosha kwa trela la mizigo: indiketa mbili, taa za breki, taa ndogo za kulia na kushoto, taa ya ukungu na ethi. Haina rivasi wala moto wa kuchaji. Wenye nyumba za kukokotwa walikuwa wakiongeza soketi ya pili pembeni kwa ajili ya hayo. Kama unaanza upya leo, soketi mbili ni usumbufu. Nenda pini 13.

4. Bapa 4 ya Marekani

Waya nne tu: ethi, taa ndogo, kushoto, kulia. Njano na kijani kila moja inabeba indiketa na breki kwa pamoja kwenye balbu ileile. Kwa trela dogo la mashua au la bustani inatosha. Gari lenye indiketa za rangi ya chungwa zilizojitenga na taa nyekundu za breki litahitaji kigeuzi katikati, la sivyo taa zitakupigia hesabu za ajabu. Ipo pia ya bapa 5, ambayo waya wake wa bluu hutumika kwa breki au rivasi, lakini haikupi moto wa kuchaji ile betri ya dharura.

5. Adapta

Kwa kukodi trela mara moja, sawa. Kwa matumizi ya kila wiki, hapana. Kila adapta ni kiungo kingine cha kuingia kutu, na kutoka pini 13 kwenda 7 unapoteza rivasi na kuchaji.

Mtego wa rangi

Hapa ndipo plagi nzuri huharibiwa na kazi mbaya. Bluu katika ISO 1724 ni taa ya ukungu. Marekani na Australia bluu ni breki za umeme. Nyeusi ni taa ndogo ya kushoto katika ISO 1724, ni moto wa betri katika bapa 7 ya Marekani, na katika plagi ya pini 7 ya Australia ni rivasi. Kahawia ni taa ndogo ya kulia katika ISO 1724, ni taa ndogo zote Marekani na Australia. Nyeupe peke yake ndiyo inayobaki ethi katika yote hayo. Kwa hiyo trela likitoka nchi nyingine usiunganishe kwa kufananisha rangi. Pima kila waya kwa testa, uandike, ndipo ukate.

Pesa ziende kwenye waya

Ningeambiwa nichague kati ya plagi ghali na kebo nene, ningechukua kebo. Sumaku moja ya breki hula takriban ampea 3. Magurudumu manne ni ampea 12. Kwenye kebo ya mita 10, waya wa milimita za mraba 1.5 unapoteza karibu volti 1.4 kwenda, na kiasi hichohicho kurudi kwa ethi. Sumaku zinabaki na volti 9 na kidogo kati ya 12, na breki zinakuwa butu hata ukipandisha kidhibiti mpaka mwisho. Waya wa 2.5 unapunguza upotevu huo hadi kama volti 1.7 kwa jumla, na wa 4 hadi kama volti 1. Ukikuta vipimo vya geji, yaani vipimo vya Kimarekani vya unene wa waya, kumbuka namba ndogo ndiyo nene. Geji 12 ni chaguo zuri kwa breki na ethi.

Taa hazina njaa hiyo. Balbu ya wati 21 inakula chini ya ampea 2, na za LED zinakula pungufu sana, kiasi kwamba baadhi ya magari hudhani balbu imeungua na indiketa zinapepesa haraka. Hapo unaongeza rezista au moduli inayotambua LED.

Ethi ipite kwenye waya wake hadi kwenye plagi. Kutegemea mpira wa kukokotea ubebe umeme ni kuita taa zinazofifia kila ukikanyaga breki. Viungo vibanwe kwa vibano vyenye mpira unaonywea kwa joto; kusokota waya na kuzungushia solotepu hakufai chini ya gari.

Kwa magari ya kisasa, yasiyopenda kuchomwa waya za taa, nunua seti ya waya ya modeli yako yenye moduli yake. Inalijulisha gari kwamba linakokota, hivyo sensa za nyuma zinanyamaza na mfumo wa kuzuia kuyumba unazingatia trela.

Kidhibiti cha breki nacho kina daraja zake. Kinachopima jinsi gari linavyopunguza mwendo hukaza breki kwa kiasi kinachofaa. Kinachopandisha nguvu kwa muda tu ni nafuu, ila hakijui kama umegusa breki kidogo au umekanyaga kwa dharura. Kwa trela zito chukua cha kwanza.

Ukinunua soketi iliyotumika, hakikisha haikutoka kwenye lori: nyingi za huko zimetengenezwa kwa mfumo wa volti 24, si wa volti 12.