CouchDB kwa ofisi yenye mtandao wa kusuasua: tathmini ya istilahi zake

Hifadhidata ya CouchDB, inayotolewa bure chini ya Apache Software Foundation, tunaitumia hapa Kigoma kutunza hesabu za magunia ya dagaa ya kikundi cha wafanyabiashara, kompyuta moja ikiwa ghalani Kibirizi na nyingine ofisini mjini. Kwa kazi hiyo inafaa sana, kwa sababu mtandao ukikatika kila upande huendelea kuandika, na ukirudi pande hizo mbili hupelekeana mabadiliko zenyewe. Sifa hiyo imekwisha kuelezwa na wengi. Ninachopima hapa ni istilahi zake, maana karani anayefundishwa mfumo hukutana na maneno kabla hajaujua utendaji wenyewe, na neno lililochaguliwa vibaya humfanya aamini jambo ambalo mfumo haukumwahidi.

Nianze na lililofanywa vyema. Mwaka 2014, kipindi kile kile ambacho Django na Drupal, miradi ya programu za kujengea tovuti, walichukua hatua kama hiyo, mradi wa CouchDB uliamua kuachana na msamiati wa bwana na mtumwa uliokuwa umezoeleka katika kueleza seva inayoandikwa na zile zinazoinakili. Hifadhidata nyingine zilifuata: Redis mwaka 2018, na MySQL wakatangaza lao mwaka 2020. Wapo walioona kuwa ni suala la adabu tu, na kwa mkazi wa Ujiji, mji ambao misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19 ilipita ikielekea Bagamoyo, adabu hiyo si jambo dogo. Hata hivyo, kwangu sababu iliyo nzito zaidi ni ya kiufundi: katika CouchDB hakuna seva inayotawala nyingine, kila moja hupokea maandishi na kuyapeleka kwa wenzake, kwa hiyo msamiati ule ulikuwa unaeleza mfumo mwingine kabisa.

Neno ambalo halijaguswa, na ambalo ningeligusa kwanza, ni toleo. Kila waraka katika CouchDB hubeba alama iitwayo _rev, ambayo nyaraka rasmi za mradi huieleza kuwa ni alama ya toleo. Msomaji yeyote atadhani kwamba matoleo ya nyuma yametunzwa mahali fulani. Sivyo. Kazi ya alama hiyo ni kuzuia watu wawili wasifutiane maandishi: ukitaka kubadilisha waraka sharti uonyeshe alama uliyoisoma mara ya mwisho, na kama mwingine amekutangulia, seva itakukatalia kwa jibu la 409, yaani kuna mgongano. Miili ya matoleo ya zamani hufutwa hifadhidata inapobanwa ili kuokoa nafasi, na tangu CouchDB yenyewe ifike toleo la 3.0 ubanaji huo hujiendesha wenyewe. Nyaraka za mradi zinasema wazi kwamba matoleo hayo yasitegemewe kama kumbukumbu, lakini onyo lililo ukurasa mwingine haliwezi kushindana na jina lililo mbele ya macho.

Fundi aliyetujengea mfumo alilichukua jina hilo kama lilivyo, akawaahidi wanakikundi kwamba kila badiliko la hesabu litaweza kurejewa. Siku ilipozuka hoja kuhusu nani alipunguza magunia kutoka 14 hadi 11, tulifungua waraka husika. Alama yake ilianza na tarakimu 7, kistari, kisha mfuatano wa herufi na tarakimu 32. Mzee mmoja aliitazama kwa makini, akauliza, “Sasa mwanangu, kama hii ni ya saba, ya sita iko wapi?” Tuliiomba seva, ikajibu kwamba haipo. Mfumo ulikuwa umefanya kazi yake barabara. Jina ndilo lililokuwa limeahidi zaidi.

Neno la pili ni akidi, ambalo kila mwanaushirika analijua: akidi isipotimia, mkutano hauamui kitu. CouchDB inapoendeshwa kwa seva kadhaa, kwa kawaida huweka nakala tatu za kila waraka na kusubiri mbili zithibitishe uandishi. Zisipotimia mbili, maandishi hayakataliwi. Yaliyopokelewa hubaki, na jibu hubadilika tu kutoka 201 (imeandikwa) kuwa 202 (imepokelewa tu). Mwandishi wa programu asiyeitofautisha namba hiyo ya mwisho ataamini kuwa uamuzi umepitishwa na kikao kilichokamilika.

Kuhusu neno la tatu, mshindi, nitasema kwa ufupi: waraka ukibadilishwa pande mbili kwa wakati mmoja, mfumo huonyesha mmoja kama mshindi kwa kuangalia urefu wa historia na kisha mpangilio wa herufi za alama. Usahihi wa hesabu haumo kabisa katika mashindano hayo. Aliyeshindwa hafutwi, ila ni lazima uombe kuonyeshwa migongano ndipo umwone.

Najua kubadilisha jina kama _rev ni gharama, kwa kuwa programu nyingi za watu zimelitaja. MySQL walionyesha njia inayowezekana: waliingiza amri mpya zisizo na bwana na mtumwa katika mfululizo wa 8.0, wakaziacha za zamani zifanye kazi kando yake, kisha wakaziondoa katika toleo la 8.4 la mwaka 2024. CouchDB wangeweza kuanza na nyaraka zao tu, kwa kuiita _rev alama ya uhariri popote inapoelezwa, bila kugusa hata mstari mmoja wa programu.

Kwa ofisi yenye vituo viwili au zaidi na mtandao usioaminika, bado naipendekeza CouchDB, mradi kila badiliko la hesabu liandikwe kama waraka mpya unaojitegemea, wenye tarehe na jina la karani. Mwenye kompyuta moja tu hana haja nayo, SQLite, hifadhidata ndogo isiyohitaji seva, itamtosha.