Mfumo wa haidroliki wa kuinua reki ya hei: upi ununuliwe Dodoma

Kongwa na Mpwapwa hupata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, takriban Desemba hadi Aprili, hivyo mfugaji aliyeharibu hei yake, yaani majani makavu ya mifugo, kwa udongo hana mkato wa pili wa kufidia. Meno ya reki, chombo kinachovutwa na trekta kukusanya majani yaliyokatwa, yakishuka mno huchanganya majani na mchanga. Yakipanda mno huyaacha shambani. Katika shamba lililo sawa, nafasi ya sentimita 1 hadi 2.5 kati ya ncha za meno na ardhi inatosha, na mfumo mzuri ni ule unaoilinda nafasi hiyo kutwa nzima.

Nafasi ya kwanza ninaipa silinda inayosukumwa na mafuta upande mmoja, yenye vizuizi vya chuma kwenye fimbo yake. Mafuta huinua reki, uzito wake huishusha, kisha kizuizi huubeba, kwa hiyo hata sili (mipira ya ndani inayozuia mafuta kuvuja) zikichakaa, kimo cha kazi hakibadiliki. Silinda hii inahitaji mpira mmoja tu wa kupitisha mafuta, jambo lenye maana kubwa kwa matrekta yetu ya zamani. Kwenye maonesho ya Nane Nane pale Nzuguni muuzaji hupenda kuonesha jinsi reki inavyopanda upesi. Mwombe aiache juu, azime injini, nanyi msubiri nusu saa. Ikishuka, mafuta yanapita kwenye sili au kwenye vali ya trekta. Kagua pia kama fimbo ina mikwaruzo na kama viungio vya mipira vina vifuniko, kwa sababu vumbi letu huua sili haraka.

Ya pili ni reki inayobebwa na mikono ya nyuma ya trekta. Haina silinda ya ziada, lakini usiinunue bila magurudumu yake ya kushikilia kimo, maana magurudumu ya mbele ya trekta yakipanda kichuguu, meno ya nyuma huchoma ardhi.

Skrubu ya kuzungusha kwa mkono ni ya tatu, nayo yafaa shamba dogo lisilo na mifereji. Silinda ya njia mbili, yaani inayosukumwa na mafuta pande zote mbili, isiyo na vizuizi naiweka mwisho: kimo chake hutegemea mafuta peke yake, na sili zikilegea reki huzama polepole bila dereva kutambua.

Mfumo wowote utakaochagua, udai pini ya kufungia reki ikiwa juu, na uvujaji utafute kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja, kwani mafuta yenye mgandamizo hupenya ngozi.