Makubazi ya kushonewa kwa mguu wenye kisukari: uzoefu wangu

Nyayo zangu zimekufa ganzi. Kliniki daktari hunifumbisha macho, akanigusa chini ya mguu kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10. Chini ya kidole gumba sisikii kitu. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu na kupunguza damu inayofika miguuni, kwa hiyo kidonda hakiumi wala hakiponi upesi. Ndiyo maana nayasifia makubazi haya kwa moyo wangu wote.

Nimeshonewa na fundi wa Kariakoo. Nilimwendea jioni, maana mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Ukipimwa asubuhi, jioni kiatu kinakubana. Alinisimamisha juu ya karatasi akachora kila mguu peke yake. Mbele ni pana na pamefunikwa, kisigino kina mkanda, na mikanda ya juu ni ya kubandika na kubandua, hivyo nalegeza nikivimba. Ndani kuna sponji iliyovikwa ngozi laini, chini soli ngumu. Soli niliisisitiza sana: msumari wa mtaani unapenya ndala mpaka kwenye nyama, na mwenye ganzi atautambua akiona damu sakafuni.

Nililipa shilingi 60,000. Si pesa ndogo, lakini kidonda cha mguu ni gharama nyingine kabisa, na wengine hukatwa mguu.

Kazi kubwa ilikuwa nyumbani. Sisi watu wa Pwani viatu huishia mlangoni. Nikashonesha jozi ya pili, isiyotoka nje kamwe. Mama mkwe aliponiona nakatiza nayo sebuleni nilimweleza, akasema, “Vaa mwanangu, mkeka utafagiliwa.” Msikitini navaa soksi nene, kwa sababu sakafu ya uani saa saba mchana inaunguza ngozi bila mimi kujua. Mchanga wa ufukweni Kigamboni ni vilevile. Na kama nyumba ina panya, chandarua kichomekwe vizuri: madaktari wa hapa Dar wameandika kuhusu wagonjwa wenye ganzi waliong'atwa miguu usingizini.

Kasoro zipo. Mshono mmoja wa ndani ulikuwa unakwaruza. Niliugundua kwa kupitisha mkono kabla ya kuvaa, jambo ninalolifanya kila mara, na fundi akaurekebisha bila malipo. Masika ngozi inalowa na kuchelewa kukauka. Sponji nayo inabonyea, lazima ibadilishwe.

Kiatu hakiondoi ukaguzi wa kila usiku. Natumia kioo kidogo kutazama unyayo, nakausha kati ya vidole na mafuta sipaki hapo. Vijana wanaopita mitaani kusugua miguu na kupaka rangi kucha siwapi mguu wangu; wembe kwenye sugu ni hatari kwetu.

Mwenye kidonda kibichi asianzie kwa fundi, aende kliniki leo. Wengine mkienda, bebeni soksi mtakazovalia, mwambieni asiweke mkanda wa kupita kati ya vidole, kisha siku za mwanzo makubazi myavae kwa muda mfupi tu, mkivua mtazame kama kuna wekundu.