Nyumba ya wageni Cape Coast: jenereta yao, giza letu

Sina ugomvi na Ghana. Nalisema mapema asije mtu akanijibu kwamba nachafua jina la nchi ya watu. Ugomvi wangu ni na nyumba moja ya wageni pale Cape Coast, jina naliacha, iliyo mwendo wa miguu kutoka ngome ya watumwa. Mtandaoni ina picha za kupendeza na ahadi ya herufi kubwa: jenereta usiku na mchana. Ahadi hiyo ndiyo iliyonifanya nilipe mapema, na ndiyo inayonifanya niandike leo, ingawa muda umepita.

Ilikuwa kipindi kile cha joto kabla mvua za Aprili hazijaanza. Mimi ni mtu wa Tanga, joto la pwani nimezaliwa nalo, lakini chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta ni habari nyingine. Umeme ukakatika usiku. Dumsor, ndivyo wenyewe wanavyouita mgao wao, na wala sikushtuka. Nani kwetu hajakaa gizani? Nikasikia jenereta inanguruma, nikashukuru Mungu. Taa zikawaka jengo la mbele, viyoyozi vikaanza kuvuma. Vyumba vya nyuma, kimya. Mbele kulikuwa na kikundi cha watalii kutoka Ulaya. Nyuma tulikuwa mimi, kina dada wawili wa Lagos, na familia ya Kumasi yenye mtoto mchanga.

Nikaenda mapokezi na tochi ya simu. Nikasalimia, nikauliza kwa upole. Yule kaka hakuinua macho kwenye simu yake. "Madam, jenereta ni ya kikundi." Nikamwonyesha risiti: chumba chenye kiyoyozi, kimelipiwa. Ndipo akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Wale hawajazoea. Ninyi Waafrika joto mnalijua."

Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimesimama kwenye mashimo ya ile ngome. Mwongozaji alituonyesha kuwa juu kabisa ya shimo la wanaume palijengwa kanisa. Watu wakisali juu, wenzao wanakufa chini. Nilitoka mle nalia. Silinganishi mambo hayo na kiyoyozi, Mungu anisamehe nikifanya hivyo. Lakini kuambiwa maneno yale, usiku ule, katika mji ule, na mtu wa rangi yangu! Mama wa Kumasi naye akaja na mtoto begani, jasho linamtiririka kichanga, akajibiwa vilevile.

Kwa hiyo sikilizeni, mnaopanga kwenda. Usiulize "mna jenereta?" Hakuna atakayesema hapana. Uliza: inafika chumba nitakacholala mimi? Inaendesha kiyoyozi, au taa na feni tu? Inazimwa saa ngapi? Wakujibu kwa WhatsApp ili ubaki na maandishi. Na usilipe zaidi ya usiku mmoja kabla hujakiona chumba, hata wakupe punguzo. Toa sedi, pesa ya Ghana, za kutosha kwenye ATM ukiwa Accra, maana nyumba ndogo nyingi zinataka taslimu au pesa za simu za kwao, na M-Pesa yako pale haina kazi. Soketi za pini tatu ni kama zetu, hapo huna gharama. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano watakuuliza Kotoka, uwanja wa ndege wa Accra, usiifungie kwenye begi la kupakia. Ukitoka Accra kwa trotro, daladala zao, panda stendi ya Kaneshie na uwe na subira, gari haliondoki mpaka lijae. Hifadhi ya msitu ya Kakum nenda asubuhi mapema. Yale madaraja saba ya kamba yako kama mita 40 juu ya ardhi, na ukichelewa utayapita katikati ya msururu wa wanafunzi. Kiingilio cha mgeni ni kikubwa kuliko cha mwenyeji. Kwa hasira nilizokuwa nazo hata hilo lilinichoma, ingawa Serengeti nasi tunafanya hivyohivyo.

Nirudi kwenye nyumba. Haki niitende: kulikuwa na binti wa usafi aliyesikia mabishano. Akatutandikia mikeka uani penye upepo, akaleta ndoo ya maji ya baridi, akamwogesha yule mtoto yeye mwenyewe. Alfajiri akaja na kenkey ya Kifante, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, iliyofungwa kwenye majani ya migomba, samaki wa kukaanga na shito, pilipili yao nyeusi. "Auntie, pole, kula kwanza." Pesa alikataa, mpaka nikamwekea mfukoni kwa lazima. Kwa ajili yake niliamua kutoa nyota nne na kuyaacha yaliyopita.

Halafu nikapewa bili. Ndani yake kuna mstari: dizeli ya jenereta. Dizeli! Nimelala uani kwenye mkeka, halafu nilipie dizeli iliyowapoza wengine. Nikakataa. Kaka yule akakata huo mstari kwa kalamu, akanirushia chenji mezani kwa mkono wa kushoto, tena Ghana, ambako hata mtoto akikupa kitu kwa kushoto anakemewa mbele yako. Alijua anachofanya. Nyota nne zikawa moja. Na hiyo moja nayo naifuta, maana itamfaidi mwenye nyumba, haitamfikia yule binti.

Nilihamia Elmina, mji wa jirani, karibu tu kwa teksi ya kuchangia, kwa mama mmoja mwenye vyumba vichache karibu na bandari ya mitumbwi. Hana jenereta, na alinieleza wazi kabla sijashusha begi: umeme ukikatika hapa hakuna kitu, ila madirisha yako yanatazama bahari. Ukakatika kweli. Nikafungua madirisha, nikalala usingizi mzito. Ngome ya Elmina, ile iliyojengwa na Wareno mwaka 1482, unaifikia kwa miguu. Ukitaka kuona mitumbwi inarudi na samaki, usiende Jumanne, siku hiyo wavuvi hawaingii baharini.