Seti ya muhuri wa lakiri: urembo upo, ulinzi hamna

Niliagiza seti hii mtandaoni kwa ajili ya kadi za harusi ya mdogo wangu. Ndani ya boksi kuna muhuri wa shaba wenye mpini wa mbao, kijiko, mshumaa na punje nyekundu za lakiri, yaani nta ya kuyeyusha na kupigia muhuri. Kwa urembo naipa nyota nne. Ila kama unataka muhuri ufanye kazi ya muhuri, soma kwanza.

Kuitumia ni rahisi. Yeyusha punje taratibu, mimina, ngoja kidogo, gandamiza. Shaba ikipata joto inanasa, kwa hiyo iweke juu ya barafu na uifute kabla ya kila bahasha. Alama inatoka safi, hadi mishipa ya majani ya waridi unaiona.

Shida ni lakiri yenyewe. Ni laini kama mpira. Nilipitisha wembe chini yake, ikabanduka nzima nzima. Nikairudisha kwa gundi, na mama aliyekuwa pembeni hakuona tofauti. Muuzaji anajisifu kwamba haivunjiki njiani. Sasa si kuvunjika ndiyo kazi yake? Ulaya, tangu karne ya 16, walitumia lakiri yenye shelaki, utomvu wa wadudu kutoka India: ngumu, ukiigusa vibaya inameguka. Hata lakiri ya mita ya umeme iko hivyo, ukiichezea inakuumbua.

Watu wa Mesopotamia ya kale, huko iliko Iraki ya leo, ndio walioliweza hili. Mkataba uliandikwa kwenye kibao cha udongo, kikafungwa ndani ya bahasha ya udongo vilevile. Juu ya bahasha mkataba ulirudiwa, na mashahidi wakaviringisha mihuri yao, vijiwe vya duara virefu vilivyotobolewa ili vivaliwe kwa uzi. Ukitokea ugomvi, bahasha inavunjwa mbele ya mahakimu na kibao cha ndani kinasomwa. Aliyechakachua kiasi cha shayiri huku nje, cha ndani kinamsuta.

Jambo la pili ni nakshi. Waridi hili kila mteja anauziwa lilelile, kwa hiyo halimtambulishi mtu yeyote. Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia Warumi aliambiwa hawasomi barua isiyo na muhuri, akatengeneza pete ya fedha yenye maneno "Muhammad Rasulullah", na akakataza mtu mwingine kuchonga maneno hayo. Nanyi ombeni nakshi yenu wenyewe. Muuzaji anachonga, bei inaongezeka, lakini ndiyo maana ya muhuri.

Lakiri ngumu ya vijiti inauzwa kando, na muhuri huu unaifaa bila tatizo. Chukua bahasha nene na uipeleke kwa mkono, maana kwenye mashine za posta itameguka kabla haijafika.